Flashi ikigoma, msinuniane

Siku hizi likizo ya wawili haiishii kwenye mchanga. Wengi mnapiga mbizi Mnemba, kule Zanzibar, kamera ikiwa ndani ya kasha lisiloingiza maji. Mnaondoka mkicheka, mnarudi mmenuniana. Kisa? Kasa kapita, flashi imegoma!

Nawaelewa. Rangi nyekundu ndiyo hupotea kwanza majini. Mita chache tu chini, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Flashi ya nje ndiyo inayorudisha rangi hiyo. Isipowaka, mnabaki na picha za bluu tupu, na lawama zinaanza: "Si wewe uliyeifunga?"

Kabla ya kulaumiana, fuateni njia ya mwanga kutoka kwenye kamera hadi kwenye flashi, mkibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Mkibadilisha vitatu kwa mpigo, hata ikiwaka hamtajua ugonjwa ulikuwa wapi.

Mimi huanzia chumbani, usiku wa kuamkia safari, kwa kupiga picha ukutani. Kwanza natazama flashi ndogo ya kamera yenyewe, maana kwenye kamera nyingi ndiyo inayoiamsha ile ya nje kupitia waya wa faiba. Iwekeni iwake kila picha, na zimeni mtindo wa kimyakimya. Kwenye kamera nyingi huo huizima kabisa. Kisha waya: umeingia sawasawa? Umekunjika? Jaribuni mwingine. Kama wenu ni wa umeme, angalieni pini. Ukiona ukijani, chumvi imeshakula.

Flashi inawaka lakini picha ni giza? Huenda inaitikia ule mmweko wa awali ambao kamera hutoa kabla ya picha. Badilisheni mpangilio wa flashi uendane na kamera. Na ikiwaka mara moja kisha ikaruka picha mbili, hiyo ni njaa ya betri. Tumieni seti moja ya kuchaji, zote zimejaa, msichanganye mpya na kuukuu. Halafu punguzeni pupa: flashi inahitaji sekunde chache kujijaza.

Pete ya mpira ya mlango wa betri nayo ikaguliwe. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuingiza maji. Maji yakishaingia, zimeni, na mfungue juu taratibu mlango ukielekea mbali na uso, kwani gesi huweza kujikusanya ndani. Betri hizo msizirudishe.

Mkiwa chini, kagueni swichi na waya tu, basi. Anayehangaika na flashi husahau geji ya hewa, na husahau kumtazama mwenzake. Hapo ndipo panaponiogopesha mimi. Kasa atapita tena, wajameni. Shikaneni mikono, mmalize mbizi yenu salama.

Tukutane mwezi ujao!