Mtiifu kwa Nani?

Miongoni mwa maneno ambayo Kiingereza kiliyaleta katika vilima na mabonde ya Nyeri, sijui sifa iliyofarakanisha ndugu na jirani kuliko "loyal", ambayo makamusi yetu huifasiri mtiifu au mwaminifu, na ambayo, katika miaka michache iliyofuata tarehe 20 Oktoba 1952, siku Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alipotangaza hali ya hatari, ilitoka kinywani mwa wasemaji ikawa hati ya serikali, ikatiwa mfukoni, na ikawa kipimo cha haki ya mtu kusafiri, kufanya biashara na, hatimaye, kupiga kura.

Nasaba ya neno hili ni njema kuliko matumizi yake. Waingereza walilipokea katika karne ya 16 kutoka kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambamo shina lake ni "lex", yaani sharia. Kwa hiyo ni pacha wa "legal", lenye maana ya halali kwa mujibu wa sharia, na ni ndugu wa "leal", ambalo limehifadhiwa na Waskoti, watu wale wale ambao wamisionari wao walijenga misheni ya Tumutumu katika Mathira. Hapo kale katika Ulaya sifa hii ilimstahili mtu aliyetimiza kiapo alichomwapia bwana wake, na bwana naye alikuwa na wajibu wake kwa mtu yule, hata akiuvunja, kiapo hulegea. Maana sharia ifungayo upande mmoja tu ni amri, wala haistahili jina la sharia. Insafu hiyo ya pande mbili ndiyo iliyopotea njiani neno lilipopanda mlimani kwetu.

Serikali ya ukoloni haikuuliza mtu ni mtiifu kwa nani, kwa sababu ilidhani jibu ni moja, na kwa kudhani hivyo ilifunga chini ya lakabu moja watu ambao dhamiri zao zilikuwa mbalimbali kabisa. Alikuwamo chifu wa serikali, kama Nderi Wang'ombe wa Nyeri, aliyeuawa siku mbili tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Alikuwamo Mkristo aliyekataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, kwa kuwa alikwisha kuinywa damu ya Kristo na hakuona halali kunywa nyingine, naye aliona anamtii Mungu wake, gavana awepo au asiwepo. Alikuwamo mwenye duka aliyehofia duka lake, na mwenye shamba aliyetazamia kuongeza shamba. Na walikuwamo wasiohesabika waliokula kiapo usiku na kushika mkuki mchana pamoja na walinzi wa nyumbani, wale ambao watu waliwaita ngati, kwa sababu nyumba yao ilikuwa kati ya msitu na boma la ngati na hawakuwa na pa kukimbilia. Kumwita kila mmoja wa hawa mtiifu, kisha kunyamaza, ni kuandika tarikhi kwa kalamu ya bwana shauri.

Kalamu hiyo ilipenda sifa fupi fupi. Katika kambi za kizuizini, mahabusu waligawanywa kwa rangi tatu, weupe, wa kijivu na weusi, kwa kadiri walivyokubali au kukataa kuungama kiapo, na rangi hiyo ndiyo iliyoamua mtu arudi kwao au apelekwe kambi iliyo kali zaidi. Nje ya kambi, tangu mwaka 1954, zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800, aghalabu vyenye handaki na boma la walinzi. Na mashamba yalipokusanywa na kupimwa upya chini ya mpango wa kilimo wa serikali ulioitwa Swynnerton, wengi waliokuwa kifungoni hawakuwapo mpakani kuonyesha jiwe au mti uliowekwa na babu zao, na wale wenye sifa ile njema walikuwapo. Ndiyo maana mpaka leo, katika Tetu, Othaya na Mukurweini, mashauri ya mashamba yana kina kirefu kuliko umri wa wanaoshtakiana.

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kupiga kura bila hati ya utiifu. Wameru waliipata kwa wingi zaidi, wakawa wengi katika daftari la Mkoa wa Kati, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia barazani humo, mwaka 1944. Simpunguzii Mate heshima yake. Nasema tu kwamba hapo sifa moja ilihesabu kura kabla kura hazijapigwa.

Mwezi uliotangulia, tarehe 18 Februari, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mzaliwa wa Tetu, aliyehukumiwa Nyeri, alinyongwa huko Kamiti. Nani atakayekana kwamba naye alikuwa mtiifu, na kwamba utiifu wake aliulipia kwa roho? Lakini pacha wa neno lile, "legal", alimkataa: chama chake, Mau Mau, kilibaki haramu kwa sharia ya nchi hata baada ya uhuru, karibu miaka arobaini, mpaka mwaka 2003, wakati wa urais wa Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya.

Kiswahili kina fadhila ambayo Kiingereza hakina katika jambo hili. Kwetu kitendo cha kutii hudai mtendewa: hatusemi "ametii" bila msikilizaji kungoja kuambiwa amemtii nani, au ametii nini. Kwa hiyo nawasihi waandishi wa vitabu vya shule, na sisi wa magazeti kadhalika, tuache kuandika "watiifu" peke yake tunaposimulia miaka ile, tuandike mtiifu kwa gavana, kwa chifu, kwa kanisa, kwa kiapo, kwa shamba lake, ikiwa ndivyo ushahidi unavyosema. Nawasihi pia wananchi wa Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, ambao kila majira ya siasa husimamiwa majukwaani na kuambiwa wawe watiifu, au hulaumiwa kwamba wamekosa utiifu: mzungumzaji aombwe papo hapo kumtaja anayetakiwa kutiiwa, na yule atakayetajwa naye aeleze amewaapia nini.