Asali iliyoganda si asali ya kuchanganya sukari

Ndugu wafuga nyuki, kila kiangazi, wakati usiku unakuwa na baridi huku kwetu milimani Kivu, ugomvi ule ule unarudi. Mnunuzi anafungua bidoni, anakuta asali imeganda mpaka chini, anasema: «Mumetia sukari humu.» Anakata bei, ama anaondoka. Na sisi, juu ya kuogopa kurudi na mzigo nyumbani, tunaweka asali kwenye makala na kuichemsha mpaka iwe maji tena. Mimi naona pale njo tunajiharibia wenyewe.

Asali kwa asili yake ni sukari. Ndani ya kilo moja, maji ni karibu gramu 170 mpaka 200 tu. Ingine yote, karibu, ni sukari, na zilizo kubwa ni mbili: glukozi na fruktozi. Glukozi inapita kiasi ambacho yale maji yanaweza kubeba, kwa hiyo inajitenga pole pole na kuwa chembe. Baridi ya digri 14 hivi njo inaharakisha zaidi, na usiku wa Lubero ama Kabare unafika huko bila shida. Maua pia yana neno: asali yenye glukozi mingi inaganda mbio, ingine inakaa miezi mingi ikiwa maji.

Basi mnunuzi amekosea. Lakini na sisi tusidanganye: kuganda hakuonyeshi kama asali ni safi. Mutu anaweza kuchanganya sukari na bado ikaganda. Ile ya kuwasha kiberiti ama kuangusha tone ndani ya glasi ya maji haihakikishi kitu.

Kinachoharibu asali kweli ni maji. Yakipita asilimia 20, chachu inaamka, povu inapanda, inaanza kunuka pombe. Maji yanatoka wapi? Mara mingi tunavuna masega ambayo nyuki hawajafunika na nta, juu tunatafuta minervali ya watoto (naelewa, na mimi nimefanya hivyo). Kisha bidoni inaachwa wazi, asali inavuta unyevu wa hewa. Na bidoni ya mawese, hata uoshe mara kumi, harufu inabaki.

Naomba depo yetu ikatae sega lisilofunikwa, hata likiwa la prezidenti wa kooperative. Iliyoganda tuiuze vile iko, ndani ya chupa ya mdomo mpana, na kikaratasi cha kueleza: anayetaka ya maji aweke chupa ndani ya maji ya vuguvugu, yale mkono unaweza kukaa ndani bila kuungua, asubiri masaa kadhaa. Tuandike pia kwamba asali haipewi mtoto asiyefika mwaka 1.

Kuchemsha kunaua harufu na kunaifanya nyeusi. Mnunuzi wa mbali akiipeleka kwenye maabara, moto wetu utaonekana katika kipimo kinachoitwa HMF: kwa asali ya nchi za joto, mwisho ni miligramu 80 kwa kilo. Pale hatuna tena la kujitetea, hata kama hakuna aliyetia sukari.