Malton Nako Ni Kwao



Ipo kauli ambayo wengi wetu tumeizoea: "Hapa si kwetu, kwetu ni kule." Tunaisema kwa nia njema, ili watoto wasisahau Tanga, Mombasa au Bukavu. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa, na kule amefika mara moja tu wakati wa likizo, husikia jambo jingine: kwamba hana kwao popote. Kazini kwangu, kwenye unesi, nawaona vijana wa namna hiyo. Ukimwuliza, "Wewe ni wa wapi?" anamtazama mama yake kwanza.

Mji wenyewe hautusaidii sana. Barabara zetu ni pana, watu wamo ndani ya magari, na maduka yanafanana na ya mji mwingine wowote. Zamani kijiji cha Malton kilikuwa na kitovu chake, pale Airport Road inapokutana na Derry Road. Mwezi wa Oktoba 1969 mlipuko wa gesi ukakiharibu. Leo wengi hupita pale wakiwahi uwanja wa ndege, wala hawajui kama palikuwa na kitu.

Hata hivyo, mahali si majengo tu. Mahali ni majina, na watu wanaoyatumia. Jina la Malton lenyewe lililetwa na wahamiaji kutoka Yorkshire, Uingereza, ambako kuna Malton ya kwanza. Mississauga, mji wetu, ni jina la wenyeji wa asili wa eneo hili. Uwanja wa ndege wa Pearson nao ulianza miaka ya 1930 ukiitwa Malton. Watoto, tazameni lebo ya sanduku mkisafiri: imeandikwa YYZ. Hiyo YZ ilikuwa alama ya telegrafu ya stesheni ya reli ya Malton. Kwa hiyo bibi akija kututembelea, sanduku lake linafika na Malton juu yake!

Watu wetu pia ni hodari wa kupatia mahali jina. Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kariokor ya Nairobi ni vivyo hivyo. Neno la kigeni, tena la taabu, watu wakalilainisha mdomoni mpaka likawa lao. Na kwingine mti mmoja ulitosha: Mnazi Mmoja, Mwembe Tayari.

Kiswahili kimetupa vifaa vya kazi hiyo. Neno "mahali" lina ngeli yake, na ngeli hiyo ina milango mitatu. Hapa ni penyewe hasa, huku ni upande mzima, humu ni ndani. Mtoto akisema, "Nipo hapa Westwood, naishi huku Malton, nimo humu maktabani," ameshajua alipo kwa lugha ya babu yake.

Wapo watakaosema: tukiwaambia Malton ni kwao, watasahau kule. Mimi sikubali. Mtoto ana kwa baba na ana kwa wajomba, na hakuna anayemwambia achague. Akienda kwa wajomba zake, hasahau kwa baba yake. Anayesahau ni yule asiyepelekwa wala kusimuliwa.

Basi naomba kila familia ifanye jambo dogo kabla ya Jumamosi ijayo. Tembeeni kwa miguu, mchague mahali patatu mnapopapenda, mpatafutie majina ya Kiswahili. Morning Star Drive tunaweza kuanza nayo: Nyota ya Asubuhi. Watoto watachora ramani, nasi tutaibandika ukutani darasani. Wazazi, kando ya kila jina andikeni mahali pamoja pa utotoni mwenu panapofanana na hapo, na mumsimulie mtoto kisa chake.

Na siku mtoto akiulizwa ni wa wapi, ajibu mwenyewe, bila kumtazama mama: "Kwetu ni Malton, na kwetu ni Tanga." Yote mawili ni kweli.

Mwalimu wenu wa Jumamosi