Hatari ya Serengeti Haina Meno

Imani iliyoenea zaidi miongoni mwa wanaoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wawe wageni kutoka Ulaya au wakazi wa Mugumu na Tarime wanaokwenda kutalii kwa siku moja, ni kwamba hatari ya mahali hapo ni mnyama mkali, hasa simba, na kwamba mtu aliyefunga mlango wa gari lake amekwisha kujilinda. Imani hiyo imezaa nyingine iliyo mbaya zaidi, kwamba kila kanuni isiyomhusu simba, kama vile kufungwa kwa njia wakati wa masika, ukomo wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, au katazo la kuendesha gari kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni usumbufu wa maofisa wanaotafuta faini. Makala haya yanazipinga imani zote mbili, kwa sababu zinapotosha na zinaweza kuua.

Uthibitisho ulio wazi kuliko wote ni Mto Mara. Vyanzo vyake viko katika misitu ya Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala hukutana na kuuunda. Kisha hupita katika nyanda za Maasai Mara, ukaingia Tanzania na kuikata Serengeti upande wa kaskazini, ukiiacha Kogatende kusini yake na Lamai, ile pembe ya hifadhi inayopakana na vijiji vya Tarime, kaskazini yake, kabla ya kuelekea magharibi kwenye matete yanayotangulia Ziwa Victoria. Maana yake kwa msafiri ni kwamba mvua inayoujaza mto huo mara nyingi hunyesha mahali asipopaona, na maji yakamfikia baadaye, wakati anga la Kogatende ni jeupe na vumbi linatimka barabarani. Dereva anayetazama juu ili aamue kama kivuko kinapitika anatafuta jibu mahali lisipokuwepo. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mto Talek, unaomwaga maji yake katika Mto Mara, ulivunja kingo zake na kuzamisha kambi za watalii upande wa Kenya hadi watu wakaokolewa kwa helikopta. Maji hayo hayana njia nyingine ila kuteremkia Tanzania.

Inafaa hapa kufanya hesabu ya drifti, yaani kivuko cha zege kinacholazwa chini mtoni ili maji yapite juu yake, kwa kuwa wengi hudhani kwamba uzito wa Land Cruiser unatosha kuishikilia. Gari lenye urefu wa mita 5 na upana unaokaribia mita 2 hufunika eneo la karibu mita 10 za mraba, na maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu yake kabla hayajaingia ndani, huliinua kwa nguvu inayokaribia tani 1, maana mita 1 ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Gari la tani 3 linakuwa limepoteza theluthi ya uzito wake, na ndio uzito uliokuwa ukiyakandamiza magurudumu kwenye zege dhidi ya mkondo unaosukuma ubavuni. Miaka 20 ya usukani haibadilishi hesabu hiyo. Dereva mzoefu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa kila alipovuka salama alihesabu ustadi wake, wala hakuhesabu kina cha maji ya siku ile.

Upande wa Ikoma, Robanda na bonde la Grumeti, katika Wilaya ya Serengeti, kinachofunga njia ni ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mfinyanzi unaofura unaponyonya maji na kupasuka nyufa unapokauka, huwa mgumu mwezi Agosti kiasi cha kubeba lori, lakini mwezi Aprili huziba kashata za tairi, yaani ile miinuko inayoshika barabara, hadi gurudumu likazunguka bila kushika chochote. Dereva anayelikwepa tope kwa kupita kwenye nyasi hufungua njia ya pili, anayemfuata akafungua ya tatu, na makovu hayo hubaki muda mrefu baada ya mvua, yakigeuka mifereji inayokula ardhi. Njia ikifungwa kwa majuma machache, inafungwa ili iwepo mwezi Julai, nyumbu watakapokuwa wamefika kaskazini.

Hata kioo cha gari hakimlindi mtu na kila kitu. Mbung'o, nzi anayeeneza malale, huvutwa na kitu kinachokwenda na hupenda rangi nyeusi na buluu, ndiyo maana vitambaa vya rangi hizo vyenye dawa hutundikwa vichakani. Mwaka 2001 watalii kadhaa walirudi Ulaya na ugonjwa huo baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Na usiku, wakati basi la Musoma kwenda Arusha lingependa kuokoa saa mbili tatu, viboko wako nje ya maji wakila nyasi, na hakuna breki itakayolisimamisha basi lenye mwendo mkali mbele ya mnyama wa tani 1 na zaidi anayeonekana ghafla kwenye mwanga wa taa.

Katazo la kushuka garini nalo hueleweka nusu tu, kana kwamba limewekwa kwa ajili ya anayeshuka peke yake. Julai 2025 picha za video zilionyesha watalii waliotoka magarini na kusogelea ukingo wa mto ambao nyumbu walikuwa wakiukabili, jambo lililozua lawama kubwa. Watafiti waliochunguza Mto Mara kati ya 2001 na 2015 walikadiria kuwa kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji humo kila mwaka. Kuwazibia njia ya kupandia ni kuwarudisha kwenye maji wakiwa wamechoka, ama kuwasukuma kwenye kingo zilizochongoka.

Iko hoja ya Tarime ambayo haipaswi kupuuzwa. Kwa mwananchi ambaye shamba au malisho yake yameingizwa katika mgogoro wa mpaka na hifadhi, neno "imefungwa" lina historia ya uchungu, na ni haki yake kudai vigingi vya mpaka vijadiliwe kwa uwazi. Lakini kigingi na kizuizi cha drifti ni vitu viwili, na anayevichanganya humwezesha kijana wa bodaboda kuamini kwamba kuvuka maji yaliyokatazwa ni kudai haki, wakati maji hayajui mgogoro wowote.

Imani potofu hustawi pia kwa sababu katazo hutolewa bila sababu yake. Mamlaka ya hifadhi inayotaka kutiiwa inapaswa kuandika kila asubuhi, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, katika lango la Fort Ikoma na katika malango ya upande wa Lamai, kina cha mto kilichopimwa siku hiyo, drifti zilizofungwa, na saa ambayo kipimo kitachukuliwa tena. Na inapaswa kukubaliana na wenzake wa Kenya kwamba taarifa ya maji yanayoteremka kutoka Mau ifike Kogatende kabla ya maji yenyewe.