Sireni Tuliyoizoea



Juma hili tunaanza na jambo la haya, na haya hiyo ni yetu wenyewe. Mwezi uliopita wezi waliingia usiku katika nyumba ya mama mmoja wa kikundi chetu, hapa Lubumbashi. Walipita mlango wa jikoni. Walibeba televizyo, mfuko wa unga, na kisanduku cha likelemba chenye pesa zetu za majuma mawili. Yeye na watoto walikuwa wamelala. Hakuna aliyeguswa, na kwa hilo tunashukuru Mungu. Lakini nyumba ile ina alamu. Usiku ule ilikuwa imezimwa, na waliomwambia aizime ni sisi.

Ilikuwa hivi. Kwa majuma matatu sireni ile ililia karibu kila usiku, mara saa saba, mara saa nane. Mara za kwanza tuliamka wote. Tulipiga masufuria, na sentineli wa lupango la pili alimulika tochi kila pahali. Hakukuwa na mtu. Mara ya nne hatukutoka tena. Mara ya sita tulianza kunung'unika: "Mama, watoto wanaenda masomo asubuhi, sireni yako inatunyima usingizi." Akaona haya, akaizima. Siku nne baadaye wezi wakaingia.

Basi tulimtafuta fundi, na Siku ya Posho tukaenda naye pale nyumbani kuangalia ugonjwa wa ile alamu. Tuliyojifunza tunayaandika hapa, maana nyumba nyingi za mji wetu sasa zina alamu, na karibu zote zinaugua magonjwa yaleyale.

Saa ambayo inalia

Kabla ya kufungua kitu chochote fundi aliuliza: "Inalia saa ngapi?" Sisi wote tulinyamaza. Binti wa nyumba ndiye aliyejibu: "Papa fundi, inalia siku ambazo umeme umekatika. Haianzi palepale, inangoja kama saa moja hivi." Fundi akacheka, akasema mtoto huyu amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Somo la kwanza ni hilo. Kama alamu yako inalia bure, chukua kipande cha daftari, kitundike karibu na mlango, na uandike kila mara: tarehe, saa, umeme ulikuwako au haukuwako, mvua, upepo, nani alikuwa anatembea ndani. Baada ya juma moja karatasi hiyo itakuambia mengi, na fundi hataweza kukuuzia vitu ambavyo huhitaji.

Betri

Ndani ya sanduku kubwa la alamu mna betri nzito ya risasi, mara nyingi ya volti 12. Umeme ukiwako, betri inajazwa. Umeme ukikatika, ndiyo inayobeba kazi yote. Pahali ambapo umeme haukatiki, betri ya namna hii inaweza kufika miaka mitatu hata mitano. Kwetu inakufa mapema, kwa sababu betri ya risasi haipendi kumalizwa mpaka mwisho. Kila usiku mrefu wa giza unaikausha, na kila ikikauka inapoteza nguvu ambazo hazitarudi tena.

Betri ya mama yetu ilikuwa haijabadilishwa tangu siku alamu ilipofungwa. Umeme ukikatika, ilishika saa moja tu, kiisha ikaanguka. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na sababu yake ni hii: sireni ya nje ina kibetri chake mwenyewe. Imetengenezwa ili mwizi akikata waya unaotoka ndani, ilie kwa nguvu zake. Betri kubwa ilipokufa, sireni haikupata kitu tena katika ule waya. Ikaona kama waya umekatwa, ikalia. Sireni ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Ilikuwa inatuambia kwamba nyumba imebaki bila ulinzi, na sisi tukaiambia inyamaze.

Unaweza kupima betri bila chombo chochote. Mchana, umeme ukiwako, waambie jirani kwamba unajaribu. Katisha umeme wa nyumba kwenye kisanduku cha mita, ngoja saa mbili, kiisha uliza alamu kwa kupita mbele ya jicho lake. Kama sireni inalia kwa nguvu, betri ingali nzima. Kama inalia kwa uvivu au hailii, itafute nyingine. Ukinunua mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu nene. Usiruhusu fundi akuwekee betri iliyotumika mahali pengine. Na ile ya zamani usiitupe ndani ya lupango ambamo watoto wanacheza: mna risasi na asidi. Irudishe kwa wanaouza betri.

Kufungua sanduku kubwa ni kazi ya fundi. Ndani yake umeme wa volti 220 unaingia. Sisi tupime na tuandike, yeye afungue.

Macho na milango

Macho yale meupe ya pembeni mwa dari hayaoni sura. Yanahisi joto linalotembea. Buibui akijenga nyumba mbele ya jicho, yeye ni mdogo lakini yuko karibu sana, na jicho linamhesabu kama mtu. Pazia linalopepea juu ya dirisha lililopata jua, paka anayepanda juu ya kabati, mbabula yenye makala iliyowekwa kwenye koridoo wakati wa baridi ya mwezi wa sita, hivyo vyote vinaamsha alamu. Na mbabula hiyo, hata bila alamu, msiiingize usiku katika nyumba iliyofungwa: hewa ya makala inaua watu wakiwa wamelala.

Kwa mama yetu jicho la saluni lilikuwa na buibui wawili. Tulilipangusa kwa kitambaa kikavu, laini. Usitumie maji, wala dawa ya kuua wadudu juu ya jicho lenyewe.

Mlango wa jikoni ulikuwa na ugonjwa wake. Kwenye milango mnawekwa vipande viwili: kimoja juu ya mlango, chenye sumaku, na kingine juu ya fremu. Mlango ukifungwa vinakaribiana, ukifunguka vinaachana na alamu inalia. Lakini mbao inavimba wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Mlango unashuka kidogo, vipande vinaachana hata ukiwa umefungwa, na alamu inakataa kuwekwa. Wengi wakichoka wanamwomba fundi auruke mlango ule. Ndivyo ilivyofanywa kwa mama yetu mwaka uliopita. Kwa hiyo hata kama alamu ingekuwa inawaka usiku ule, mlango wa jikoni usingesema neno. Ulihitaji bawaba mpya na visikurubu vinne tu. Waulize mafundi wenu: "Kuna mlango au dirisha uliloliruka?"

Kama vipande vyako havina waya, kila kimoja kina kibetri chake. Kikianza kutoa kisauti kidogo cha mara kwa mara, ni njaa hiyo. Usikitoe ukakiweka ndani ya kabati. Kibadilishie betri.

Namba ya siri na kadi ya simu

Tuliuliza namba ya siri ya alamu. Watoto wanne wa jirani waliijua. Namba iliyotoka kiwandani, mwaka wa kuzaliwa, au 1234, hizo si siri. Badilisha namba kila mara mtu wa kazi au mpangaji anapotoka, hata mkiachana kwa amani. Na ukiona vibonye vinne vimefutika kuliko vingine, ujue mwizi naye anaviona.

Alamu nyingine zina kadi ya simu ndani, ili zikupigie ukiwa sokoni. Kadi hiyo inakula unite kama simu yoyote, na ikikaa miezi bila kutumika inaweza kufungwa. Fanya alamu ikupigie mara moja kila mwezi. Ikishindwa, umejua mchana, si usiku.

Kwa nyumba ambazo hazina alamu

Wengi wetu hatuna sanduku wala macho. Tuna filimbi, sufuria, mbwa, na taa ya jua juu ya mlango. Nayo inahitaji matunzo. Vumbi la kiangazi linafunika kioo cha taa, na taa inayopaswa kuwaka mpaka asubuhi inazima saa sita ya usiku. Kipanguse kila juma. Filimbi isiwe chini ya nguo ndani ya sanduku, itundike kwenye kichwa cha kitanda, na wakubwa wa nyumba wote wajue. Kadenasi ya mlango wa lupango uitie tone la mafuta kabla ya mvua. Na watoto wasicheze na filimbi ile. Mtoto anayeipiga mchana kwa mchezo anatufundisha kutoisikia usiku.

Yale tuliyoahidiana

Alamu, iwe ya dola nyingi au ya filimbi, haimshiki mwizi. Inaita watu. Watu wasipoitika, ni kelele tu. Kwa hiyo kikundi chetu kimekubaliana haya.

Mwenye alamu ana deni kwa jirani: ikilia bure mara mbili, atafute sababu juma lilelile, na awaambie jirani amepata nini.

Jirani wana deni kwake: hatutamwambia tena mtu azime. Tutamwambia, "Mama, tukusaidie kutafuta fundi."

Ikilia usiku, hakuna mama anayetoka peke yake. Tunawasha taa, tunapiga masufuria kutoka ndani, tunapigia simu nyumba inayolia na shefu wa avenue, kiisha polisi. Anayeulizwa kwa simu ajibu, hata kama ni kusema, "Ni paka, samahani."

Mwizi akishikwa, asipigwe wala asichomwe. Apelekwe kwa shefu na polisi. Kijana yule naye ana mama, na watoto wetu wanatutazama.

Mwisho, pesa za likelemba hazitalala tena katika nyumba moja. Zinagawanywa siku ileile kwa yule ambaye zamu ni yake, kama ilivyokuwa tangu zamani. Uvivu wetu ndio uliotufanya tuziache zikae. Mama yetu alitaka kuzilipa peke yake. Tulikataa. Tulichanga wote, na katika mchango ule mliingia pia betri mpya.

Siku ya Posho ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi ya mchana, sireni ile italia kwa dakika moja. Ni majaribio, msiogope. Kila mwenye alamu au filimbi ajaribu yake saa hiyohiyo, na aandike matokeo kwenye karatasi ya mlangoni. Lakini mkiisikia usiku, amkeni. Haijalii bure tena.