Mwenye jukwaa asiwe ndiye muuza sare

Katika soko lolote mnunuzi makini huuliza kwanza mizani ni ya nani. Swali hilo linafaa pia kwa ushangiliaji wa mashindano, mchezo ambao vijana wenye sare moja hurushana juu na kupiga sarakasi mbele ya majaji. Ulianza Marekani kama hamasa ya pembeni mwa uwanja. Leo ni biashara ya dunia.

Shirikisho lake, International Cheer Union, liliundwa mwaka 2004 na kutambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021. Jeff Webb, aliyeliongoza kwa miaka mingi, ndiye mwasisi wa Varsity, kampuni ya Marekani inayoandaa mashindano na kuuza sare. Wenye klabu na wazazi waliishtaki kwa ukiritimba. Kesi moja ilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 43.5, nyingine mwaka 2024 kwa dola milioni 82.5, bila washtakiwa kukiri kosa.

Tabora mashindano ya sare si mageni. Ngoma ya beni ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na makarani waliisambaza bara, ikafuata njia ile ya misafara ambayo tangu 1912 reli ilikuwa imeifikisha Tabora. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, matawi na michango, na vilishindana kwa gwaride. Gharama zilikuwa kubwa, lakini hakuna chama kimoja kilichoimiliki ngoma yote. Ushindani huo ndio uliokuwa kinga ya mwanachama.

Hivyo, mchezo huu ukibisha hodi hapa, fundi cherehani asikope kununua vitambaa, wala mfanyabiashara asitoe udhamini, kabla ya kupata majibu matatu. Je, kikundi kinaruhusiwa kushona sare popote? Nani anapanga ada ya kiingilio? Majaji wanalipwa na nani?

Majibu yote yakiishia kwa kampuni moja, faida imekwisha kugawanywa kabla wewe hujafika. Hapo ushauri wetu ni mmoja: mtaji ubaki katika asali, mpunga na tumbaku, ambako walau wanunuzi ni zaidi ya mmoja.