Uzima wa jioni si ushahidi wa uongo wa asubuhi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika maradhi yanayowapata watoto wetu, hakuna ambayo methali hii inayafaa zaidi kuliko maumivu ya kichwa. Kidonda huonekana, homa hupimwa, kikohozi husikika hata kutoka chumba cha jirani. Kichwa kinachouma hakina alama. Mwenye habari zake ni mtoto peke yake, na mtoto huyo aghalabu ndiye asiyeaminiwa.

Leo, ndugu wazazi, tutazungumza juu ya kipandauso cha watoto. Wengi wetu tumezoea kukihesabu kipandauso kuwa ugonjwa wa watu wazima, hasa akina mama. Kwa hakika huanza mapema zaidi. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuwa nacho, na hata yule ambaye bado hajaanza shule.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne. Asubuhi amekwenda shule akiwa mzima. Ilipofika saa nne alianza kunyong'onyea, uso ukampauka, akafunika macho kwa viganja kwa sababu mwanga wa dirishani ulimchoma. Akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Alipofika alitapika, akaingia chumbani, akalala. Saa kumi alasiri aliamka, akaomba chakula, na kabla ya magharibi alikuwa uwanjani akicheza mpira na wenzake. Baba aliporudi kutoka kazini na kuelezwa, alimtazama mtoto anavyokimbia, akatoa hukumu: "Huyu alikuwa anakwepa hesabu." Kesho yake mwalimu naye alitoa hukumu hiyo hiyo, kwa fimbo.

Hukumu hiyo imesimama juu ya kosa moja. Imeuchukua uzima wa jioni kuwa ushahidi wa uongo wa asubuhi, ilhali kupona hivyo ndiyo tabia yenyewe ya kipandauso. Ugonjwa huu huja kwa mapigo, na kati ya pigo moja na jingine mtoto huwa mzima kabisa. Kwa watoto pigo huweza kwisha katika muda wa saa mbili tu, ingawa pengine huendelea hadi siku tatu. Usingizi huwa dawa kubwa. Wengi hulala wakiwa hoi na kuamka wakiwa wazima. Mtoto wa mfano wetu hakudanganya. Alikuwa mgonjwa saa nne, akawa mzima saa kumi.

JINSI YA KUKITAMBUA

Kipandauso cha mtoto hakifanani kila jambo na cha mtu mzima. Mtu mzima aghalabu hulalamika upande mmoja wa kichwa. Mtoto huonyesha paji la uso lote, au pande zote mbili. Kichwa humpwita kama ngoma, na maumivu huzidi akipanda ngazi au akikimbia. Huchukia mwanga na kelele, huona kichefuchefu, na wengi hutapika. Baadhi huona vimulimuli au mistari iliyopindapinda kabla ya maumivu kuanza. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza haya huyaonyesha kwa vitendo: huacha mchezo aupendao, hutafuta mahali penye giza, hulala saa isiyo ya kulala. Wapo hata ambao pigo lao huwa tumboni, likawauma karibu na kitovu na kuwatapisha, kisha likapita lenyewe. Miaka michache baadaye maumivu yakahamia kichwani.

Ugonjwa huu hufuata ukoo. Kwa hiyo yafaa kuuliza nyumbani: je, mama, baba, shangazi au bibi husumbuliwa na kichwa cha namna hii? Kabla ya kuvunja ungo au kubalehe, wavulana hupatwa sawa na wasichana, au hata kuwazidi kidogo. Baada ya hapo wasichana huwazidi wavulana.

Haya si mambo ya kubahatisha. Mwaka 1955, katika mji wa Uppsala nchini Sweden, daktari wa watoto Bo Bille aliwachunguza watoto wa shule 8,993, wenye umri wa miaka 7 hadi 15. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1962, dunia ilijua kwamba karibu watoto 4 katika kila 100 walikuwa na kipandauso. Hakuishia hapo. Aliwafuatilia 73 kati yao, wale waliosumbuliwa zaidi, kwa muda wa miaka 40. Wengi walipata mapumziko ya miaka walipokuwa vijana, lakini walipofikia umri wa makamo zaidi ya nusu yao walikuwa bado wakipata mapigo. Watoto walioshukiwa kukwepa hesabu wasingeendelea kuugua miaka mingi baada ya kumaliza shule.

MALARIA, MIWANI NA MAZOEA YETU

Katika miji yetu kichwa cha mtoto kikiuma, neno la kwanza ni malaria. Tahadhari hiyo si mbaya. Mtoto mwenye homa na apimwe damu siku hiyo hiyo. Ubaya ni kutibu bila kupima. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kisha ndipo apewe dawa. Mtoto mwenye kipandauso hupewa dawa ya malaria dukani, hulala, huamka mzima, na dawa hupewa sifa iliyo ya usingizi. Baada ya wiki tatu pigo hurudi, na mzazi husema malaria imekuwa sugu. Kumbe malaria haikuwapo tangu mwanzo.

Wengine hukimbilia miwani. Kupima macho ni jambo jema kwa kila mwanafunzi, lakini udhaifu wa macho kwa kawaida hauleti kichwa cha kutapika na kukimbia mwanga. Miwani ikishindwa, mtoto asilaumiwe.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Kumwamini mtoto kuna maana ya pili: kutambua kichwa ambacho si kipandauso. Mpeleke hospitali bila kukawia iwapo kichwa kinaambatana na homa na shingo kukakamaa, kwani hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Iwapo kimeanza baada ya kuanguka au kugongwa kichwani. Iwapo amepata degedege au amekuwa mzito wa kuamka. Au iwapo maumivu yamemshukia ghafla kwa ukali asiowahi kuujua.

Vilevile muone daktari mapema iwapo maumivu humwamsha usingizini au hutokea kila asubuhi pamoja na kutapika, yanazidi juma hadi juma, anayumba anapotembea, amepata kengeza ambalo hakuwa nalo, au tabia yake imebadilika. Hizo zaweza kuwa alama za uvimbe ndani ya kichwa. Na mzazi mwenye mtoto wa selimundu azingatie zaidi: kichwa kikali cha ghafla, mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito ni dalili za kiharusi. Hapo kila saa ina thamani.

PIGO LIJAPO

Mtoto aliyekwisha kuonekana na daktari, ikajulikana kwamba ana kipandauso, asiachwe ajikaze. Dawa ya maumivu ikitolewa mwanzoni hufanya kazi vizuri. Ikingojwa hadi atapike, aghalabu haifai kitu. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto. Mwenye kilo 20 hupimiwa miligramu 200 hadi 300 kwa mara moja, yaani karibu nusu ya kidonge cha miligramu 500. Nafasi kati ya dozi iwe saa nne hadi sita, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Aibuprofeni nayo hufaa wengi, lakini kipimo chake mwulize daktari au mfamasia.

Aspirini asipewe mtoto. Mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia alieleza ugonjwa wa hatari unaoshambulia ini na ubongo wa watoto, na baadaye ilionekana kwamba unahusiana na aspirini iliyotolewa wakati mtoto ana maradhi ya virusi kama mafua au tetekuwanga. Mwaka 1986 Uingereza iliamua watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe tena dawa hiyo kwa kawaida, na baadaye umri huo ukapandishwa hadi miaka 16. Zipo dawa za kichwa za dukani ambazo ndani yake mna aspirini ingawa jina la pakiti halisemi hivyo. Soma maandishi madogo, au mwombe muuzaji akusomee.

Baada ya dawa, mpe maji, mweke mahali penye giza na utulivu, mwekee kitambaa cha maji baridi kwenye paji, umwache alale. Najua kwamba kwa familia inayoishi chumba kimoja utulivu si rahisi kuupata. Lakini redio huzimika, pazia hushushwa, na wadogo zake hupelekwa kucheza nje kwa saa moja. Jirani naye akielezwa kwa upole husikia.

Neno moja la tahadhari: dawa za maumivu zikitumika siku nyingi mno, zenyewe huanza kuleta kichwa. Mtoto anayezihitaji zaidi ya siku mbili kwa juma anapaswa kurudi kwa daktari.

KUPUNGUZA MAPIGO

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani juu ya watoto 361 wenye kipandauso, wa miaka 8 hadi 17. Wengine walipewa kila siku moja ya dawa mbili zinazotumika kuzuia mapigo, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika makundi yote matatu zaidi ya nusu ya watoto walipungukiwa sana na siku za maumivu, na waliopewa kidonge kitupu hawakuwa nyuma ya wenzao. Hii haina maana kwamba daktari hatatoa dawa ya kuzuia, kwani wapo wanaoihitaji. Lakini inatufundisha kwamba mtoto aliyesikilizwa, akafuatiliwa na kupewa matumaini, tayari ameanza kupata nafuu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vijana waliofundishwa namna ya kutuliza mwili na kukabili wasiwasi, pamoja na dawa, walifaidika kuliko waliopewa dawa na maelezo tu.

Basi tuyatazame maisha ya mtoto wa mjini. Huamka saa kumi alfajiri ili awahi basi. Huondoka bila kutia kitu tumboni. Hukaa darasani chini ya bati, maji hanywi mpaka mchana. Jioni kuna tuisheni, usiku kuna kazi za shule, na baada yake simu ya mkononi mpaka saa tano. Ubongo wenye asili ya kipandauso hauvumilii misukosuko hii ya usingizi, njaa na kiu. Hatuwezi kuibadili ratiba ya mji mzima, lakini uji wa asubuhi, chupa ya maji kwenye mkoba, na saa ya kulala isiyobadilika hata Jumamosi ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa nyumba nyingi.

Nunua daftari moja la shule. Kila kichwa kiumapo, andika tarehe, saa kilipoanza na kilipokwisha, alichokula, alivyolala usiku uliotangulia, dawa aliyopewa na kama ilisaidia. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamwambia daktari mambo ambayo hakuna mashine itakayomwambia. Kwa mtoto mwenye kipandauso cha kawaida, ambaye daktari amemchunguza asione kasoro, picha ya kichwa mara nyingi haihitajiki. Fedha hiyo yaweza kununua maziwa.

Nakala ya daftari hilo mpelekee na mwalimu. Zungumzeni kwa heshima, mkubaliane mambo matatu: mtoto aruhusiwe kunywa maji darasani, dawa yake ihifadhiwe ofisini na apewe mara aanzapo kulalamika, na awepo mahali pa kulala kwa saa moja badala ya kufukuzwa nyumbani peke yake barabarani. Mara nyingi, baada ya saa hiyo, atarudi darasani mwenyewe na kuendelea na hesabu zake.